Siku Micheline Alipoacha Kuitwa Maison

Kule Katindo, mtaa wa Goma, hata watoto wa majirani walimwita Maison. Alibatizwa Micheline, na kwao Butembo ni Kanyere, lakini kwenye simu aliandikwa Maison Micheline, na simu ikishasema nani atabisha?

Alikuwa anauza vitenge. Hakukatia wapita njia kipande kimoja kimoja; yeye alikuwa mtu wa uniforme, yaani kitenge kimoja kinachovaliwa na ukoo mzima siku ya ndoa, ya komunio au ya kuondoa matanga. Goma hakuna sherehe bila uniforme, na mashangazi wanaweza kununiana mwaka mzima kwa ajili ya rangi. Micheline aliwaweza wote, na aliyemsaidia kuwaweza ni rafiki yake Cibalonza, Mshi wa Bukavu, aliyecheka kwa sauti hadi wateja wakasahau walichokuwa wanagombania.

Cibalonza ndiye aliyejifunga kila kitenge kipya, akageuka, na Micheline akapiga picha ya kuweka kwenye katalogi ya simu. Uso haukuonyeshwa. Mume wa Cibalonza, Muzee Cirimwami, karani mwenye heshima zake, hakutaka sura ya mke wake izunguke kwenye simu za watu, ila mgongo aliuruhusu. "Mugongo haina jina," alisema, akaendelea kunywa chai.

Siku zile zilikuwa tamu, na Micheline hachoki kuzikumbuka. Asubuhi wanapiga picha, saa nne wanakunywa chai ya maziwa na mandazi, mchana wanawasema watu wote waliopita dukani. Kisha Muzee akastaafu, akataka kuzeekea kwao Bukavu. Cibalonza akapanda meli na masanduku yake, na duka likabaki na kimya ambacho Micheline hakukizoea kamwe.

Huko nyuma alikuwa ameiwekea simu ile salamu ya biashara inayojibu yenyewe. Mtu akiandika tu, hata kabla Micheline hajaigusa simu, anapata jibu. Aliona ni maendeleo. Kumbe ulimi hauna mfupa, na ulimi wa mashine hauna hata aibu.

Vita vilipoingia mjini, umeme ukakatika na simu yake ikazimika kwa siku nyingi. Alipopata pa kuichaji, ikawaka na ujumbe wa Cibalonza ukaingia: "Micheline, Muzee ametuacha. Niko miye peke yangu." Papo hapo, kabla hajaigusa, mashine ikajibu chini yake: "Karibu Maison Micheline! Tuko na uniforme nzuri za ndoa, komunio na kilio. Fungua katalogi, uchague!"

Mtu yeyote wa mji huu angesoma maneno yale namna moja tu: mwenzako amefiwa, wewe unamuuzia kitenge cha matanga. Micheline akaandika pole ndefu, akaeleza habari ya mashine, akaomba msamaha. Hakujibiwa. Akapiga simu, haikushikwa. Hata meli ziliporudi majini hakuthubutu kwenda, maana kufika mlangoni kwa mtu uliyemtukana katika msiba wake kunataka miguu ya mtu mwingine.

Miezi ikapita. Biashara nayo ilikuwa imekwisha. Barabara ya Butembo haikupitika kama zamani, benki zilifungwa, na wenye kuoa walioa kimyakimya na nguo walizokuwa nazo. Duka akalirudisha kwa mwenyewe. Kilichobaki cha Maison Micheline ni jina kwenye simu na migongo ya Cibalonza kwenye katalogi.

Jioni moja akamwambia mume wake, Kambere, kwamba anataka kuifanya simu iwe ya mtu, isiwe tena ya duka.

"Si ulisha kuzima ile mashine yenye kujibu?" Kambere akauliza. "Inatosha."

"Mashine nilizima. Lakini mutu akiona jina, anaona duka. Miye niko wapi pale?"

"Katalogi itafutika, Mama Benny. Kesho barabara ikifunguka, utaanza na nini?"

Hapo ndipo palipouma. Kuifuta katalogi ni kukiri kwamba Maison haitarudi, na picha zile hakuwa nazo mahali pengine, maana simu ya zamani aliyozipigia iliibwa. Lakini aliona hivi: duka ndilo lililomnyang'anya rafiki, basi duka ndilo litakalotoka. Akaketi karibu na dirisha, akabonyeza, simu ikamuuliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Mahali pa Maison Micheline akaandika Micheline Kanyere. Vitenge vyote vikaondoka pamoja na mgongo uliovivaa, naye akajuta papo hapo.

Jumapili, alipotoka misa, simu ikalia. Ilikuwa namba ya Cibalonza.

"Uko muzima?" Cibalonza akauliza hata kabla ya salamu.

"Niko muzima, masheri, rafiki yangu."

"Nimefungua, nakuta duka haiko. Nikasema Micheline amekufa, na miye nilimunyamazia."

Micheline akasimama palepale nje ya kanisa, watu wakampita. "Niliandika kukuomba pole. Haukuona?"

"Niliona. Ilikuja na jina ya duka. Nikasema ni ile mashine tena, sasa wameifundisha kulia."

Micheline akacheka huku machozi yakimtoka, na upande wa pili akasikia kile kicheko cha zamani, kidogo tu, kama kinachojaribu njia. Kisha Cibalonza akamweleza kwamba kila Jumapili alikuwa anaifungua katalogi ile.

"Kuangalia vitenge?"

"Vitenge ya nini! Kuangalia mukono yako. Ulikuwa unashika simu na mukono moja, na ingine unanyoosha kitenge kwa mugongo yangu. Iko kwa kila foto. Nilikuwa na kasirani na weye, lakini mukono ile nilikuwa nafungua simu kuiona. Sasa umeifuta."

"Nimeifuta," akasema Micheline. Hakuwahi kuuona mkono ule. Picha zote zile, yeye aliangalia kitenge.

Alipofika nyumbani aliuweka mkono wake mezani, penye mwanga wa dirisha, bila kitenge chochote, akaupiga picha na kuituma.

Jibu likaja: "Umekonda, dada."

Micheline akakaa chini akalia, kwa sababu tangu vita vianze hakuna mtu aliyekuwa ameliona hilo.