Mjomba alirudisha vibao asubuhi, anayeshtakiwa ni mume wangu

Admin, nifichie jina, na ukiweza nifichie hata kijiji, maana huku mtu akikohoa majirani wanajua ni nani. Nina miaka 31, nimeolewa, nina watoto wawili. Naishi pembeni ya barabara inayojengwa huku Kilosa, upande wa kuelekea Mikumi, na ndiko ninakofanya kazi. Mimi ni yule dada wa riflekta mnayemtukana mkiwa ndani ya magari kwa sababu kawasimamisha kwa bendera nyekundu. Leo nitukaneni tu, ila mwisho mnisaidie.

Kazi alinitafutia mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ni nyapara wa kikosi chetu. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye kila kitu. Baba aliondoka nikiwa mdogo. Mjomba ndiye aliyenisomesha, ndiye aliyepokea posa yangu, ndiye aliyekaa na mama hospitali mpaka anakata roho. Nikimwamkia shikamoo napiga goti kwa moyo wote.

Sasa sikilizeni. Wakati tunaanza kazi alikuja mtaalamu wa usalama akatukalisha chini. Akatuambia vibao, koni na taa za kuonya vimo kwenye mkataba, vimelipiwa kama kokoto na lami zilivyolipiwa, na popote panapochimbwa lazima viwepo usiku na mchana. Tukampigia makofi. Kumbe vibao vyenyewe vilinunuliwa vya sehemu moja tu! Wakaguzi wakija kwetu, vinapakiwa kwenye pikapu vinaletwa. Wakienda kambi nyingine, navyo vinawatangulia. Tulikuwa tunacheka, tunasema vibao vyetu vinatembea nchi kuliko sisi.

Siku ya ajali tulikuwa tumechimba mtaro wa kalavati uliokata nusu ya barabara. Mchana ikaja simu kwamba wakaguzi wako kambi ya mbele, vibao vikapakiwa vikapelekwa huko. Jioni tunafunga kazi, mjomba akakata matawi mabichi akayapanga barabarani, kama dereva yeyote anavyofanya gari likimharibikia. Nilimuuliza kama yanatosha. Akaniambia, "Mpwa wangu, nani hapa Tanzania haelewi majani barabarani? Twende nyumbani."

Na kweli kila mtu anaelewa. Lakini kilikuwa kiangazi, nyasi zote porini zimekauka, na pale ndipo mifugo inapopita ikitoka kunywa maji. Mbuzi waliyala yote. Kesho yake nilikuta fito tupu zimetawanyika.

Jioni ileile, giza linaanza kuingia, mume wangu, ambaye anaendesha bodaboda, alikuwa anarudi na abiria, mama mmoja wa kijiji cha jirani aliyetoka kumwona binti yake aliyejifungua. Waliingia mtaroni na pikipiki. Yule mama alifariki palepale. Mume wangu alivunjika paja.

Kulipokucha nilikwenda pale kabla askari hawajaja kupima. Nikamkuta mjomba anachomeka vibao. Nikasema, "Shikamoo mjomba." Hakuitikia. Tangu nizaliwe hajawahi kuiacha shikamoo yangu hewani hivyo. Akaendelea kukandamiza udongo kwa buti, halafu akasema bila kunitazama, "Wameagiza wakubwa. Nisipoviweka, nitabebeshwa mimi peke yangu." Askari walipofika wakaandika kuwa vibao vilikuwepo, dereva alikuwa mwendo kasi.

Sasa mume wangu anashtakiwa kwa kusababisha kifo. Rambirambi ya unga tuliyopeleka msibani ilirudishwa mbele za watu, nikaondoka nayo kichwani huku nalia. Wenzangu wa bendera wameona kila kitu, nikiwauliza wananiambia, "Dada, sisi tuna watoto." Kwani mimi nina mapaka?

Kinachonimaliza ni juzi hospitali. Mume wangu kanishika mkono akaniambia, "Mama watoto, kila mtu anasema vibao vilikuwepo, mpaka najiuliza labda nilisinzia, labda nimemuua yule mama kweli. Wewe ulikuwa kazini. Vilikuwepo?"

Nilimjibu kwamba siku ile niliondoka mapema. Akageuzia uso ukutani. Nilijiona sina maana duniani.

Jioni yake mjomba alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti bila kugusa chai. Akaniambia, "Mume unaolewa naye, mjomba unazaliwa naye. Nikifungwa mimi, ukoo huu utabaki na nani?" Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, maana machozi yalikuwa yanamtoka, na sijawahi kumwona akilia hata siku tunamzika mama. Angekuwa mtu mbaya ningeshaongea zamani. Na najua kabisa nikiongea, atakayefungwa ni yeye na buti zake chakavu. Waliokataa kununua vibao vya kutosha hata jina la kijiji chetu hawalijui.

Nikinyamaza, mume wangu anafungwa kwa kosa lisilo lake, na mbaya zaidi ataamini ni lake. Nikisema, namfunga mtu aliyenilea, na ukoo mzima utanifuta. Sili, silali, na kila asubuhi mjomba huyohuyo ndiye anayenikabidhi bendera.

Kesi ni wiki ijayo. Mume wangu kanitaja mimi kuwa shahidi wake. Mjomba ni shahidi wa upande wa pili. Tutakutana mlangoni pa mahakama, na kwa malezi niliyopewa lazima nimwamkie kwanza. Ndugu zangu, dada zangu, mliosoma sheria na mliokuzwa na wajomba kama mimi, nipeni neno. Nikishampa shikamoo yake pale mlangoni, ndani niende kusema nini?