Gari la Jaffar na Mlango wa Feri

Shemeji yangu Jaffar, fundi wa magari hapa Likoni, alilipenda gari lake la Celica kuliko macho yake. Alikata springi likakaa chini, tumbo karibu liguse barabara. Jioni alilipeleka uwanjani nyuma ya Shelly Beach, akavuta breki ya mkono, likaserereka ubavuubavu katika vumbi na vijana wakampigia vigelegele.

Dada yangu Tima alimsihi, "Liinue kidogo, mume wangu. Nina mimba."

"Likiinuka halitaserereka vizuri," akajibu.

Mwaka wa tisini na nne Tima akashikwa na uchungu, damu zikimtoka. Hospitali iko ng'ambo. Tulifika kivukoni maji yamekupwa, na maji yakipwa mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, kila mtu wa Likoni ajua. Wallahi, naye alijua! Akaingia kwa kasi vilevile. Tumbo la gari likakwama mlangoni mwa feri, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure.

Tulimshusha Tima, tukamlaza juu ya mkokoteni wa madafu na kumsukuma ndani. Jaffar akawalilia watu, "Linyanyueni jamani, nivuke na mke wangu!" Wakalinyanyua, lakini wakalirudisha nyuma, maana feri ilikuwa haiwezi kuondoka nalo limeziba mlango. Feri ikaondoka, yeye akabaki kivukoni amelishikilia gari lake.

Katikati ya maji Tima akaniuliza, "Jaffar yuwapi?"

Nikamwambia yuaja. Tulimteremsha ng'ambo tumemfunika leso; hakuuliza tena, wala hatauliza.