Jumatano za Baba Kule Kwihara

Enyi wenzangu tuliokulia Kwihara, mtanielewa. Zamani zetu, Jumatano alasiri watoto wa jirani walikimbilia kucheza rede, sisi tukabaki kufagia uani na kutandika mikeka. Kelele zao tulizisikia. Watu wa kusoma Biblia walikuwa wanakuja.

Wengi walikuwa wazee wasiojua kusoma. Baba aliwasomea polepole kwa Kiswahili, kisha akaeleza kwa Kinyamwezi. Bibi Kabula, mjane wa nyumba ya pili, hakuacha kumkatiza: "Rudia hapo, mwanangu. Hapo patamu." Baba anarudia. Huku nyuma michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, inachemka jikoni, na harufu ya karanga za kutwanga inatutoa udenda hadi amina ya mwisho.

Baba alikuwa fundi kwenye kiwanda cha mbao mjini. Ikatokea wakataka kumfanya msimamizi, ila awe anashinda kazini mpaka jioni, Jumapili pia. Mama alifurahi, alishaanza kuiona nyumba yetu ya nyasi ikiezekwa bati. Wakati wa kula, Baba akasema, "Nikikubali, nani atawasomea?"

"Na hawa wanao, nani atawasomesha?" Mama akamjibu.

Ugali ulipoa mbele yetu.

Baba alikikataa cheo. Msimamizi mpya alipoingia, alimwondoa kazini kwa kuwa hakutaka kushinda huko hadi jioni, tukarudi kwenye jembe. Nilienda shule na sketi ya viraka, na wasichana niliokuwa nakaa nao wakahamia dawati lingine. Mama naye akaacha kuongea na Baba. Lakini Jumatano ilipofika aliinjika chungu cha michembe kama kawaida, akaja kuketi mkeka wa nyuma kabisa. Sikuwahi kumsikia akisema amemsamehe. Ila hakukosa tena hata siku moja.

Wote wale wameshazikwa. Mimi naishi Cheyo sasa, huku mjini, na Jumatano napanga viti sebuleni. Vijana wetu, Mungu awabariki, mahubiri wanayasikiliza kwenye simu, tena wameyaongeza kasi utadhani mhubiri anawahi basi la Mwanza. Zamani mtu alitembea kwa mguu kutoka mashambani ili asomewe sura moja.

Juzi hakuja mtu. Nilingoja mpaka chai ikapoa, nikafungua Biblia nikasoma kwa sauti, nikanyamaza pale ambapo Bibi Kabula angenikatiza. Jioni mwanangu akapiga simu kutoka Dar.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umesoma neno leo?"

"Nimesikiliza, Mama, nikiwa kwenye foleni."

"Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu. Na nyie huko, mlikuwa wengi?"

Nilivitazama vile viti.

"Soma kidogo nikusikie," nikamwambia. Akacheka kwa aibu, akatafuta, akaanza kusoma. Sauti ni ya babu yake kabisa.

"Rudia hapo, mwanangu," nikasema.

Simu ikakatika kabla hajarudia.