Sumaku Niliyoifungua Bure

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku ambayo tonge la ugali lilinifunza kazi.

Nilikuwa nimerudi Kisumu kutoka ng'ambo na stashahada ya umeme niliyojisomea mwenyewe, bila mjomba wa kunishika mkono. Nikafungua karakana mtaani Mamboleo. Najivuna, ndiyo, aliyepanda mlima kwa miguu yake ana haki ya kusimulia. Basi akaja Mama Achieng' kutoka Pap Onditi na mota ndogo, ile inayogeuza trei za mayai katika mashine ya kutotoa vifaranga.

"Fundi, inatetemeka tu, haizunguki. Ugonjwa ulimaliza kuku wangu wote. Mayai yaliyo ndani ndiyo mbegu iliyobaki. Dada yangu anayageuza kwa mkono tangu jana."

"Sumaku imekufa, Mama," nikasema papo hapo.

Mota hiyo haikimbii kama ya kinu cha posho. Inakwenda hatua kwa hatua. Katikati kuna sumaku ya kudumu, na kuizunguka koili mbili za waya wa shaba, kila moja ndani ya chuma chenye meno. Umeme ukiingia koili moja, meno yake yanaivuta sumaku hatua moja. Ukihamia ya pili, hatua nyingine. Ndiyo maana utaikuta kwenye printa na popote panapohitaji kipimo.

Hayo yote niliyajua. Hata hivyo nikaifungua, nikaing'oa sumaku, nikailaza mezani nilipokuwa nimetoka kusaga vyuma. Nilipoirudisha, ikakwama kabisa. Mama Achieng' akaketi chini, mikono kichwani.

Jirani yangu Mzee Ouma, msuka koili asiye na cheti chochote, alikuwa akila. Akaja na sahani yake.

"Bwana Diploma, kabla ya kuifungua, uliizungusha kwa vidole?"

"Hapana, Mzee."

"Omera, ndugu yangu! Ungesikia inashikashika. Sumaku iliyokufa haishiki kitu."

Akaitoa ile sumaku. Ilikuwa imeota ndevu za chuma. Akaibonyeza kwa tonge la ugali baridi, mara moja, mara mbili, hadi tonge likawa jeusi. Akaipangusa ikakauka, akaifunga. Kisha akaunganisha ncha mbili za waya wa koili ya kwanza na kuniambia nizungushe: mhimili ukawa mgumu. Akafanya vivyo hivyo kwa ya pili: ukabaki mwepesi.

"Koili nzima ukiiunga hivi huishika sumaku. Hii imekatika njiani. Fuata waya."

Waya ulikuwa umekatika penye plagi. Nikauchomelea kwa risasi, nikaipa umeme koili kwa koili, na mota ikaanza kupiga hatua zake, tik, tik, tik.

"Na hilo tonge usilile," Mama Achieng' akamwambia Mzee, akicheka huku anafuta machozi.

Siku zilipotimia alirudi na kifaranga ndani ya kofia, akanionyesha tu, akaondoka naye.

Mwanangu, soma, upate vyeti kunishinda mimi, ukiweza. Lakini kuuliza si ujinga. Shika kitu kwa vidole kabla ya kukishika kwa bisibisi. Futa meza yako kabla hujalaza sumaku ya mtu juu yake. Na jirani anayekula asiye na cheti, msalimie kwa heshima.

Mungu akupe vidole vinavyosikia, na kila ulichokifungua akujalie kukifunga kikiwa hai.