Hisa za Ndalahwa na Kamba Kumi

Ndalahwa alikuwa fundi redio pale Mirongo na jirani yangu huku Ilemela, na sijapata kuona mtu anayejivunia hesabu kama yeye. Mwaka 1985 karakana iliyomwajiri, iliyokuwa ikiunga redio, iliwauzia mafundi wake hisa. Mkewe, Ng'washi, alikuwa na mtamba mmoja aliyepewa na baba yake. Ndalahwa akambembeleza wee, akamwahidi mbele ya shemeji yake Masele kwamba hisa zikikomaa atamrudishia mtamba wake. Mnyama akauzwa shilingi elfu nne, zote zikanunua hisa.

Kwa miaka kumi alitutesa na zile hisa. Sukari ikipanda bei, anacheka. Nauli ikipanda, anatuambia tungoje tuone. Kisha biashara huria ikaleta redio za ng'ambo kwa makontena, na mwaka 1995 mwenye karakana akazinunua tena hisa za mafundi ili jengo aligeuze ghala la nyavu. Ndalahwa akalipwa elfu arobaini.

"Mama Suzana!" alimwita mkewe kwa kelele kabla hajafika mlangoni. "Mtamba wako amezaa mara kumi!"

Ningekuwa yeye ningenyamaza. Kwa Wasukuma, mtamba akizaa mara kumi, hao ni ng'ombe kumi. Ng'washi akatuma salamu kwao Magu, na Jumamosi kaka yake, yule Masele, akatokea na kamba kumi mpya za katani begani.

"Mwangaluka, shemeji. Nimeambiwa kuna ng'ombe wa kuswaga."

Ndalahwa aliona haya kumsahihisha. Tukaenda mnadani wote, mimi nikiwa sina shughuli yoyote huko zaidi ya umbeya. Mtamba wa kwanza, elfu sitini. Wa pili, aliyekuwa akikohoa, elfu hamsini na tano. Ndalahwa akazihesabu noti zake mara tatu.

"Lakini hela yangu imekua mara kumi!" alilalamika.

"Na ng'ombe je, walikuwa wamelala?" Ng'washi akamuuliza.

Masele akaanza kuzikunja kamba zake polepole. Ndalahwa akainamisha kichwa, machozi yakimlenga, nami nikaacha kucheka. Kumbe miaka yote ile kilichomsumbua ni ahadi yake kwa mkewe.

Ng'washi akafungua fundo la kanga. Akatoa elfu ishirini za biashara yake ya dagaa, akaziongeza kwenye zile arobaini za mumewe, wakamlipia yule wa elfu sitini.

"Sasa huyu ni wa nani?" Masele akauliza.

"Theluthi ni yangu," akasema Ng'washi. "Nachukua upande wa kiwele. Baba Suzana ana hisa nyingi, achukue upande wa mdomo."

Mtamba akaja kuzaa, na mpaka leo mwenye hisa nyingi hukata majani kila asubuhi na kuyafunga kwa zile kamba tisa zilizobaki. Akitaka maziwa ya chai, hupiga hodi jikoni, kikombe mkononi.