Viriba Chini ya Tishari

Mie kiriba nakichukia tangu utoto. Shangazi yangu, mkali kuliko shubiri, alikuwa nacho kimoja cha ngozi ya mbuzi, cha kuchotea maji. Kilikuwa kinavuja, na kikivuja napigwa mie. Ngozi imetoboka, mtoto kakosa nini? Lakini ya shangazi tuyaache, keshakufa.

Nilipokuwa mtu mzima, enzi za Mwingereza, nikapata kazi kule Mtoni ya kukwangua matumbo ya matishari, yale majahazi bapa ya kushushia shehena za meli, yakishavutwa mchangani. Nikakuta hapo viriba tena, ila hivi ni viumbe hai vya baharini! Vidogo kama kidole gumba, vimeng'ang'ania ubao, ukivigusa vinakutemea maji ya chumvi machoni. Nilivikwangua kwa chuki.

Mwenzangu kazini alikuwa Mnyamwezi. Mie Mzaramo, kwa hiyo ni mtani wangu: tukitukanana hakuna kukasirika, hata msibani. Mama yake alikuwa hoi kitandani huko Tabora, na kila msafiri alileta salamu kwamba anamngoja. Naye kila mara anafunga mzigo, anafika stesheni, anarudi kwa mwanamke wake Temeke.

Siku moja akaja Mzungu mwenye midomo myembamba, anavitaka viriba vyetu avichunguze. Akapasua kimoja: nje vazi gumu kama ngozi, ndani kikapu cha matundu kinachochuja chakula, kinywa kimoja kinavuta maji, cha pili kinayatema.

"Na moyo," akasema, "unasukuma damu huku, halafu unageuza, unaisukuma kule. Msiguse, washenzi nyie!"

Kwenye bakuli la kioo alikuwa na watoto wa viriba hivyo. Wallahi, viluwiluwi! Wana jicho, wana mkia, na ndani ya mkia uzi mgumu mfano wa uti wa mgongo. Wanaogelea. Kisha, akasema, kila mmoja hutafuta ubao, akabandika kichwa. Mkia unayeyukia ndani, jicho linapotea, na hasogei tena mpaka kufa.

Nikacheka. "Mtani! Si wewe huyo? Umetoka Tabora na mkia, ukabandika kichwa Temeke. Na moyo ndio huo huo, leo kwa mama, kesho kwa mke. Mama akifa tuje tukukwangue!"

Wakwanguaji wote wakaangua kicheko, hata Mzungu.

Nikangoja anijibu. Nikamchokoza, "Lipa tusi basi, mtumwa wangu we!"

Akanitazama kama shangazi alivyokuwa akinitazama kiriba kikivuja. Nami nikamkazia macho. Mtani haombwi radhi. Akachomeka chuma chake cha kukwangulia mchangani, shati lake akaliacha limeanikwa ubavuni mwa tishari, akashika njia ya stesheni bila kugeuka. Hakurudi.