Nyimbo Tisa Tulizokuwa Tunaziruka

Harusi yetu ilifunguliwa na wimbo wa mapenzi, ule wa polepole ambao Bujumbura nzima huupiga maharusi wanaposimama kucheza. Wenyewe ni bendi ya Kizungu ya roki laini, nadhani ni wazee sasa. Mume wangu alinunua albamu yao kwa ajili ya huo mmoja tu. Diski ikakaa ndani ya gari letu miaka sita, na miaka yote sita tulisikiliza wimbo wa nne. Ukiisha, unarudishwa. Zile tisa nyingine sikuwahi hata kujiuliza zinasema nini.

Jumamosi moja, mafuta yakiwa yameadimika, tulisikia kuna kituo huko Rohero kimepata. Nikatoka nyumbani Ngagara asubuhi na mama mkwe, ambaye alikuwa na shughuli zake mjini. Foleni ilikuwa imekunja kona mbili. Mama mkwe ni mwalimu wa kwaya kanisani, mtu wa heshima zake, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akicheka mpaka meno yaonekane. Karibu naye hukaa wima kama niko kwenye usaili. Ukimya uliponishinda, nikawasha wimbo wetu. Ukapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Binti yangu," akasema, "huyu mutu analia tangu asubuhi. Hana ndugu wa kumutuliza?"

Kabla sijajibu alinyoosha kidole azime redio, akakosea kitufe. Ukaingia wimbo wa tano.

Wee! Ngoma zilianza peke yake, kavu, kama mtu anayebisha hodi akiwa na habari njema. Gitaa la besi likafuata likitembea kwa madaha. Yule yule mliaji sasa alikuwa anacheka katikati ya mstari, pumzi unaisikia inamtoka, na wenzake wanamwitikia. Nikataka kupunguza sauti, kwa adabu.

"Usiguse!" Mama mkwe alikuwa amefumba macho. "Sikiliza hao wa nyuma. Sauti tatu, na hakuna anayemukanyaga mwenzake. Mi nafundisha watu miaka ishirini, hawajafika hapo."

Wa sita ulikuwa piano na mluzi tu. Wa saba ulipoleta tarumbeta, alifungua mlango, akasema anashuka kunyoosha miguu. Miguu ikanyooka, ikakunjika, mabega yakaanza. Mama mkwe anacheza barabarani! Nikashuka mbio nisipitwe. Fundi mmoja mwenye kofia, aliyekuwa kwenye gari la nyuma, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, ongeza sauti, huku hatusikii!"

Foleni ikasogea bila sisi kuona. Tukapigiwa honi. Fundi akaja kutusaidia kulisukuma gari ili tusiunguze mafuta, mama mkwe akilisindikiza kwa kucheza, mkoba mkononi. Mbavu zilinibana kwa kicheko, nikashindwa kusukuma.

Tulipofika mwisho wa diski, tukaanza upya, wimbo wa kwanza. Nyimbo tatu za majigambo, mtu anatamba kwamba hahitaji yeyote, halafu ndipo ukaja wa nne. Nikashika usukani, nikausikiliza kama mgeni. Kumbe kilio kile kilikuwa na sababu: aliyetamba kwamba hahitaji yeyote sasa ameachwa peke yake. Nilikicheza siku ya harusi yangu bila kujua.

Kituoni mafuta yaliisha magari manne mbele yetu. Tulirudi nyumbani na vitone vilivyobaki, tukiimba maneno tuliyoyashika nusu nusu.

"Mumepata esanse?" mume wangu akauliza.

"Apana," mama yake akajibu, na meno yote nje. "We kuja hapa, ingia kwa gari, usikilize."

Mume wangu aliingia na kandambili zake, akakaa kiti cha nyuma, uani, mchana kweupe. Siku hizi tunabishana watatu upi ni mtamu zaidi. Mama mkwe anashikilia wa saba, mimi wa tisa, ambao una kinubi kama sijakosea. Mume wangu, masikini, bado hajatoka kwenye wa pili.